Kuchapa picha nyumbani bila mashine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeyakusanya hapa kwa sababu nimechoka kuyajibu moja moja, na pia kwa sababu mengi niliwahi kujiuliza mwenyewe nikiwa sina wa kunijibu. Hayana mpangilio wa maana. Soma linalokuhusu, mengine ruka.

Kuchapa picha ndo nini hasa? Si ni kama kutoa fotokopi tu?

Hapana bwana. Unatengeneza picha kwenye kitu kingine kwanza, kibao, kadibodi, foamu, kioo, hata jani, alafu unakipaka wino, alafu ule wino unauhamishia kwenye karatasi. Kile kitu cha kwanza tunakiita pleti, au kibao kama kimechongwa. Fotokopi inakupa kilekile kila mara, chapa ya mkono inakupa ndugu wa tumbo moja, wanafanana lakini kila mmoja na sura yake.

Njia ziko nyingi mno ila ukizichambua zinabaki nne tu. Kuna ile wino unakaa juu na ulipochonga panabaki peupe, kama muhuri wa ofisi. Kuna ile wino unakaa ndani ya mikwaruzo na kule juu unaufuta. Kuna ile wino unapita kwenye matundu, stensili hiyo. Na kuna ile ya bapa kabisa, hamna juu hamna chini, wino wenyewe ndo unashika hapa na kukataa pale. Zote nne zinawezekana mezani kwako, nitazigusa huko chini.

Sijui kuchora kabisa. Niendelee kusoma?

Endelea. Chukua jani lenye mishipa iliyotokeza, ligeuze upande wa chini maana huko ndo mishipa imesimama, lipake wino kidogo sana, weka karatasi juu, sugua kwa kidole. Umemaliza, na hukuchora kitu. Kwenye madaftari ya Leonardo da Vinci kuna jani lililochapwa hivohivo, na Benjamin Franklin alichapa majani kwenye noti za makoloni ya Marekani karne ya 18 kwa sababu mishipa ya jani ni ngumu mno kwa mtu kuighushi. Kwa hiyo ukiambiwa ni mchezo wa watoto mjibu tu kwamba ilikuwa ulinzi wa pesa.

Baada ya jani jaribu kila kinachoshika wino. Lesi ya pazia kuukuu, kadibodi yenye mawimbi ndani ukiichuna ngozi ya juu, neti ya vitunguu, plastiki ya vipovu, kamba uliyoizungushia kopo, bamia iliyokatwa katikati (inatoka kama ua), kitunguu kilichokatwa ukakiacha saa nzima kikauke uso. Mimi hata sasa nikikwama sichori, natafuta kitu chenye mikunyanzi nakipaka wino.

Nina dakika 20 tu na sitaki kununua chochote. Nifanye ipi?

Trei ya foamu nyeupe, zile nyepesi wanazofungashia nyama. Ioshe kwa sabuni, kata kingo zile zilizopinda ubaki na sehemu bapa, chora juu yake kwa kalamu ya risasi butu ukikandamiza mpaka mstari uzame lakini usitoboe. Paka wino, weka karatasi, sugua. Mistari uliyozamisha inatoka myeupe. Pleti moja unapata printi (yaani karatasi zilizochapwa) kumi na zaidi kabla foamu haijabonyea.

Angalizo moja, kalamu iliyochongwa kali inararua foamu badala ya kuizamisha, afu inaacha vinyuzi pembeni ya mstari ambavyo vinashika wino na kukuchafulia. Tumia iliyochakaa, au biki iliyoisha wino.

Wino gani nitumie? Naona watu wanabishana sana

Wanabishana kwa sababu kila mmoja anachapa kitu tofauti. Swali la kwanza siyo wino gani bora, ni unataka ukauke haraka kiasi gani.

Rangi ya akriliki inapatikana kirahisi ila inakauka upesi, ukiwa bado unarekebisha karatasi yenyewe imeshaganda kwenye pleti. Dawa yake ni matone machache ya gliserini, ile ya kupaka mwilini, changanya na rangi, inachelewesha kukauka. Kidogo tu, ukizidisha printi itabaki inanata siku tatu. Rangi za maji za shule zile za bei chee nazo zinafanya kazi, ila ni nyepesi, zinateleza kwenye plastiki na foamu, tone moja la sabuni ya vyombo linazisaidia kushika. Usitikise tu maana ukipata povu utachapa vipovu.

Wino wa mafuta ndo mfalme kwa mistari myembamba, haukauki haraka, una muda wa kutosha wa kuhangaika. Kama huna wino wa kuchapia, rangi ya mafuta ya tyubu ya wachoraji inaweza kusimama badala yake. Ikamulie kwanza juu ya gazeti, iache nusu saa gazeti linywe mafuta yaliyozidi, ukiikwangua pale inakuwa nzito na inashika vizuri. Hili dogo la gazeti hakuna aliyeniambia mapema na nilipoteza printi nyingi zenye duara la mafuta pembeni ya kila mstari.

Nitajuaje wino umetosha?

Sikiliza. Sio utani. Mwaga wino kiasi cha punje ya harage kwenye kioo au sahani bapa, pitisha rola (ule mche wa mpira wenye mpini) mbele na nyuma huku unaiinua mwisho wa kila mpito ili ijizungushe. Mwanzoni haisemi kitu au inateleza na mlio wa majimaji, hapo wino ni mwingi. Ukitandaa sawasawa unaanza kusikia mlio wa kunata, kama mafuta yanachacharika kwenye kikaango kwa mbali. Na uso wa wino unaonekana kama ganda la chungwa lakini laini sana, vinundu vidogo vidogo. Ukiona vinundu vikubwa, punguza.

Huna rola? Kipande cha sponji kikavu, gonga gonga, usipake kama unapiga brashi. Au funga pamba kwenye kitambaa cha soksi ufanye kitufe. Kopo lililovishwa mpira wa tyubu ya baiskeli nalo ni rola ukiamua.

Sina mashine ya kukandamizia. Inatosha kweli kwa mkono?

Lile wimbi maarufu la Hokusai, mchoraji wa Kijapani, la kwenye mwaka 1831 hivi, lilichapwa kwa mkono. Wajapani wana kidude cha duara cha kusugulia kinaitwa bareni, wewe una mwiko. Mgongo wa mwiko wa mbao au kijiko kikubwa cha chuma, unasugua kwa miduara midogo kuanzia katikati kwenda nje, mkono wa pili umeshikilia karatasi isitembee. Weka karatasi nyingine ya kuokea au ya nailoni katikati ili usiirarue ile ya kuchapia.

Unapofika robo hivi, nyanyua kona moja taratibu uchungulie. Kama panaonekana hafifu rudisha kona chini, sugua tena hapo. Mashine haikupi nafasi hiyo ya kuchungulia, kwa hiyo sisi wa mwiko tumewazidi kitu.

Kwa pleti kubwa bapa watu huweka ubao juu na kusimama. Inakubali, ila shuka wima, ukishuka ukiserereka unapata picha mbili mbili.

Hii ya jelatini ambayo kila mtu anaipenda inatengenezwaje?

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo ninayoipenda mwenyewe.

Jelatini ni ule unga wa kugandishia, unatengeneza kipande kizito, laini kama shavu, unakipaka rangi na kuchapa juu yake bila kusugua kwa nguvu. Kipimo ninachotumia ni vijiko vikubwa viwili vya unga kwa kila kikombe kimoja cha kimiminika. Ukitumia maji peke yake kitadumu siku chache kwenye friji kabla hakijaota ukungu. Ukitaka kidumu miezi, theluthi moja mpaka nusu ya hicho kimiminika kiwe gliserini, hapo hakihitaji hata friji.

Mwagia unga kwenye maji baridi kwanza, uache dakika kumi uvimbe. Alafu ongeza maji ya moto, koroga polepole mpaka uyeyuke. Yasichemke yakiwa na jelatini ndani, kuchemka kunaipunguzia nguvu ya kuganda. Na koroga kama hutaki, yaani bila kupiga, maana kila kipovu utakachotengeneza kitakuja kuwa shimo kwenye picha. Mimina kwenye trei yenye kina cha sentimita mbili hivi. Vipovu vikibaki juu, kata ukanda wa gazeti uuburute juu ya uso, vinaondoka na gazeti. Iache igande usiku kucha, sehemu iliyo sawa, mimi ya kwanza niliiweka kwenye friji lililoinama nikapata kabari.

Kuchapa sasa. Paka rangi nyembamba kwa rola, tandaza majani au vipande vya karatasi ulivyokata, weka karatasi, pitisha viganja, inua. Umepata umbo jeupe lililozungukwa na rangi. Usiishie hapo! Toa yale majani taratibu kwa kibano, utaona chini yake rangi imebaki na kila mshipa umejichora. Weka karatasi ya pili. Hiyo ya pili ndo inayowafanya watu wasilale.

Ikiharibika au ikichanika unaikatakata, unaiyeyusha kwa moto mdogo, unaimimina upya. Niko na moja nimeiyeyusha mara sijui ngapi, imekuwa na rangi ya chai lakini inafanya kazi.

Kama unajali ilikotoka, jelatini inatokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ng'ombe au nguruwe, soma paketi. Agari ya mwani inaganda pia lakini inakatika kirahisi, mikono iwe mepesi. Na kwenye chumba chenye joto kali jelatini inalainika, chapa asubuhi.

Karatasi yangu inaganda kwenye jelatini na kuchanika. Kosa langu nini?

Umechelewa. Rangi ilikauka kabla hujaweka karatasi. Paka nyembamba, fanya haraka, au tia yale matone ya gliserini. Ikishaganda usivute, lowesha mgongo wa karatasi kwa kitambaa chenye maji, subiri kidogo, itaachia.

Kuna njia ya kuchora mstari mmoja mmoja bila kuchonga?

Ipo, na ni rahisi mpaka inatia aibu. Tandaza wino wa mafuta kwenye kioo, nyembamba sana, tandika karatasi juu yake polepole bila kuikandamiza, alafu chora kwenye mgongo wa karatasi kwa kalamu. Penye kalamu panavuta wino kutoka chini. Ukigeuza unakuta mstari wenye manyoya manyoya pembeni, kama umechorwa na mtu mwenye homa, na huku na huku kuna vumbi jeusi la wino ulioshika wenyewe. Mchoraji Paul Gauguin alifanya hivi, mchoraji mwenzake Paul Klee naye alifanya kitu karibu na hicho, na ule mstari wa Klee unaotetemeka ukishajua siri yake unautambua mbali.

Tatizo ni mkono. Popote utakapoegemeza kiganja panakuwa doa. Weka vitabu viwili pembeni, laza rula juu yake iwe daraja, egemea hapo. Au liache doa. Mimi siku hizi naegemea makusudi pale ninapotaka kivuli.

Baada ya printi ya kwanza kioo bado kina wino kidogo, nifute?

Usifute! Chapa nyingine. Itatoka hafifu, tunaiita kivuli au mzuka. Mchoraji Edgar Degas alikuwa anachukua hizo hafifu na kuzipaka rangi za chaki juu yake, na baadhi ni kazi zake nzuri kuliko. Mimi natupa printi za kwanza nyingi kuliko mizuka.

Naharibu karatasi nyingi sana, nifanyeje?

Haribu nyingi zaidi, ila za bei rahisi.

Naongea kwa uzoefu mchungu. Kuna wakati nilijinunulia karatasi nzuri nzito ya pamba, shiti sita. Zilikaa kabatini muda mrefu mpaka kingo zikageuka njano, kwa sababu kila nikitaka kuchapa najiambia hii bado haistahili. Huku pembeni nina rundo la migongo ya ankara na kurasa za daftari lililokwisha ambazo nilichapia kila upumbavu ulionijia, na kila nilichojifunza nilijifunzia humo. Ile shiti ya gharama inakufanya uchape unachokijua tayari. Karatasi ya bure inakuruhusu kuuliza maswali, itakuwaje nikiweka chumvi kwenye wino? Itakuwaje nikichapa nyekundu juu ya gazeti? (Chumvi haikufanya lolote la maana. Gazeti lilikuwa zuri ajabu.)

Kitu kimoja tu fanya, andika nyuma ya kila printi kwa penseli ulitumia nini. Utakuja kupata moja nzuri kwa bahati na utalia ukishindwa kuirudia.

Kwa hiyo karatasi ipi ni nzuri?

Kwa kusugua kwa mwiko, nyembamba. Ile ya fotokopi ya gramu 80 inatosha kuanzia. Karatasi nyembamba zenye nyuzi ndefu kama za Kijapani ni tamu zaidi. Karatasi nzito inakunyima wino isipokuwa uiloweshe, iweke majini dakika kadhaa, ipangusie kwa taulo mpaka isiwe na kung'aa kwa maji, hapo imelainika na itaingia kwenye kila mkwaruzo. Karatasi za kung'aa za magazeti ya picha achana nazo, wino unateleza.

Nataka kuchonga. Lazima linoliamu?

Sio lazima. Linoliamu yenyewe ilikuwa zulia la sakafu, Mwingereza Frederick Walton aliigundua miaka ya 1860, mafuta ya kitani yaliyogandishwa na unga wa magome ya koki, wachongaji waliidandia baadaye. Kwa hiyo ni desturi ya kazi hii kuiba vitu vya nyumbani. Raba za kufutia ni nzuri kwa mihuri midogo. Soli ya ndala iliyochakaa inakatika kwa wembe kama siagi na inachapa vizuri mno. Mpira wa tyubu ya baiskeli unaukata kwa mkasi, unaugandisha kwenye kibao, una muhuri wa miaka.

Ukipata linoliamu na ni ngumu, ipashe. Iache juani kidogo, au ikalie dakika tano, sio mzaha, inalainika na patasi inaingia bila kugombana. Patasi butu ndo inayokata watu, maana unasukuma kwa nguvu afu inateleza. Mkono ulioshika kibao ukae NYUMA ya patasi siku zote. Geuza kibao, usigeuze mkono. Nina kovu kwenye kidole cha shahada cha kushoto la herufi L, la siku niliyosema "kona hii moja tu".

Nimechonga jina langu limetoka kinyumenyume!

Karibu kwenye chama. Kila kitu kinageuka kama kwenye kioo. Andika kwa kalamu laini kwenye karatasi nyembamba, ilaze kifudifudi kwenye kibao, sugua mgongo, maandishi yatahamia yakiwa yamegeuka tayari. John Muafangejo, yule mchongaji wa linoliamu wa Namibia aliyefariki 1987, alikuwa anajaza sentensi nzima nzima kwenye picha zake, na zote alizichonga kinyume. Ukichoka na jina lako la herufi tano mkumbuke.

Rangi mbili au tatu nazipataje na kibao kimoja?

Unakula kibao chako mwenyewe. Chonga sehemu zitakazobaki nyeupe, chapa rangi ya kwanza iliyo nyepesi kwenye karatasi ZOTE. Osha kibao, chonga tena unapotaka ile ya kwanza ibaki, chapa rangi ya pili nzito zaidi juu. Endelea mpaka kibao kibaki na vipande vya rangi ya mwisho. Pablo Picasso ndo aliyeifanya ijulikane sana, alikuwa ameshavuka miaka sabini. Huwezi kurudi nyuma, kwa hiyo kama unataka printi tano nzuri anza na karatasi kumi.

Ili rangi zikae mahali pake, gandisha kadibodi mbili kwenye meza zitengeneze kona, kibao kinakaa kwenye kona, karatasi inaanzia kwenye mstari ulioweka alama. Ikipishana milimita moja usijali, ikipishana tano sema ndo ulivyotaka.

Nimesikia paketi ya juisi inaweza kuwa pleti. Kweli?

Kweli kabisa. Zile paketi za maziwa na juisi, Tetra Pak na wenzake, ndani zina ngozi ya fedha. Ifungue, ioshe, ikaushe, chora kwa sindano iliyokitwa kwenye kipande cha mti. Ukitaka sehemu nyeusi tii, kata mpaka wa umbo kwa wembe kidogo na uchune ile ngozi ya fedha, kadibodi iliyo chini inakunywa wino. Paka wino mzito kote, sukumia ndani ya mikwaruzo kwa kipande cha kadi, alafu futa juu kwa kitambaa cha neti mpaka fedha ianze kung'aa tena. Hapa karatasi lazima iwe imeloweshwa na msukumo uwe mkubwa, mwiko unatoa jasho. Wenye mashine ndogo ya kutengenezea tambi wanapitishia humo na inatoka safi. Ila ikishatumika hivyo isirudi jikoni.

Pleti hii inachoka baada ya printi chache, mistari inajifunga. Paketi ziko.

Na ile ya foili na soda ya kola ni uongo?

Nilidhani hivyo. Mfaransa Émilie Aizier aliitangaza mwaka 2011. Unavisha foili ya jikoni kwenye kipande bapa bila mikunjo, unachora kwa kitu cha mafuta kama krayoni ya mafuta au kipande cha sabuni, bila kugusa foili kwa vidole maana mafuta ya kidole nayo yatachapwa. Unamwagia kola. Asidi ya fosfori iliyomo inabadilisha uso wa foili pale palipo wazi ili pashike maji. Unasuuza, unafuta mchoro kwa mafuta ya kupikia, unapitisha sponji yenye maji, alafu rola yenye wino wa mafuta. Wino unakimbia maji na kukaa ulipochora tu. Ukiona mara ya kwanza utacheka peke yako.

Kanuni ni ileile ya litografia, yaani kuchapa kwa jiwe bapa, aliyoigundua Alois Senefelder huko Ujerumani kwenye 1796, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa anatafuta njia rahisi ya kuchapa maandishi yake kwa kukosa hela. Mtu wetu kabisa.

Kwenye kitambaa inakubali?

Inakubali. Rangi ya vitambaa, foamu au raba au stensili ya filamu kuukuu ya eksirei (inakatika safi na hailowi maji), tandika gazeti chini, ikikauka piga pasi kwa nyuma. Fua kitambaa kipya kwanza kutoa ile wanga ya kiwandani, la sivyo picha itaondoka na fuo la kwanza.

Naandikaje namba na saini?

Penseli, chini ya picha. Kushoto namba kama 3/12, yaani ya tatu kati ya kumi na mbili, katikati jina la picha, kulia saini. Kama kila moja umeitoa tofauti, ile ya jelatini kwa mfano, andika 1/1 na usijisumbue. Ukisema ni kumi na mbili ziwe kumi na mbili, usirudi kimyakimya kuongeza.

Nasafishaje bila tapentaini?

Wino wa mafuta: mafuta ya kupikia kwenye kitambaa, zungusha mpaka wino uyeyuke, futa, maliza na sabuni ya vyombo na maji. Akriliki: maji mara moja, usingoje chai. Ikishakauka kwenye rola loweka maji ya vuguvugu na sabuni, sugua kwa mswaki wa zamani, na rola usiilaze juu ya mpira wake, itapata bonde ambalo litachapa mstari mweupe kila mzunguko. Itundike.

Matambara yenye mafuta ya kitani, ambayo ndo yamo kwenye wino na rangi nyingi za mafuta, usiyafinyange ukayatupa kwenye ndoo. Yakikauka yanazalisha joto, yakiwa yamerundikana yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Yaanike moja moja nje mpaka yakakamae, au yaloweke kwenye kopo la bati lenye maji na ufunike.